Kikombe Kimoja, Meza Sitini

Chumba namba 6,
Nyuma ya Duka la Vioo.
Jumanne, tarehe 9.

Mpendwa Dada Mkubwa,

Shikamoo. Goti limetulia? Na mama mkwe, bado anakusema au amechoka mwenyewe? Mimi ni mzima, tena nyota yangu inawaka mpaka majirani wanaomba niipunguze. Nimepandishwa cheo. Mkuu wa imeji ndiye mimi, na bosi hapiti mlangoni kwangu bila kuuliza nimeamkaje.

Swali lako nimelipata: uandike barua ya kuacha kazi pale kiwanda cha mikate, uje nikutafutie kiti hapa? Nitalijibu. Kwanza ucheke.

Uliuliza pia imeji ni mdudu gani. Kuna kompyuta isiyo na mwili, inaishi ndani ya kompyuta nyingine. Hiyo ndiyo mashine pepe. Fundi anaitengeneza moja, anaijaza kila chombo ambacho waandishi wa programu wanahitaji, kisha anaifunga ilivyo. Hiyo iliyofungwa ndiyo imeji. Asubuhi kila mmoja anafungua nakala yake. Fundi akisahau kikombe mezani, watu sitini wanakuta kikombe kilekile mezani kwao.

Basi kuna fundi mmoja hapa, bwege wa kupigiwa mfano. Badala ya kuanza na mashine tupu, alifanya uvivu, akafunga ileile aliyoitumia kila siku. Humo alikuwa akimwandikia ndugu yake barua saa ya chakula, anachapa, anatuma, hafuti. Jumatatu moja saa tatu watu sitini wakafungua kazi, wakakuta barua kumi na moja zinawangoja.

Majigambo matupu, dada. Ati yeye ndiye mkuu. Ati "hawa watu bila mimi hawajui hata kuwasha taa." Msichana wa mapokezi alipanda juu ya kiti jikoni akazisoma kwa sauti. Bosi alikuwa amesimama na chai yake, anamwambia, "Hapo hapo, rudia."

Imeji ikajengwa upya na mtu mwingine. Barua alizifuta, ila sentensi ile ya taa akaiacha itokee kwenye kioo kila mashine inapofunguka. Sasa bwege akiingia chumbani, mtu anazima taa.

"Mkuu, tuwashie basi, tunakufa na giza."

Anawasha. Wanapiga makofi. Wiki ya tatu hii, na kazi yake siku hizi ni kukunja nyaya stoo.

Nisalimie shemeji. Shangazi Mnene mwambie bado namuota, hasa akinifukuza na mwiko. Mdogo wetu Kinanda apunguze kelele. Mungu alishike goti lako, na joto la tanuri likuonee huruma.

Umeona leo nimeandika kwa kalamu.

Kazi usiiache. Hapa wamefuta vumbi kiti cha karibu na dirisha, wakabandika karatasi: Kiti cha Dada. Niliahidi hivyo kwenye barua ya tisa, na kila siku wananiuliza unafika lini. Mimi wanicheke tu, nimezoea. Wewe sitaki wakuone.

Bwege ni mimi. Cheo hakuna, wala hakijawahi kuwapo.

Ndugu yako akupendaye hata akikudanganya,
Kidevu