Mama Yangchan na Mzunguko Wake wa Asubuhi

Mama, mwaka umetimia tangu utuache, na bado kila jua linapogusa paa la nyumba Baba hugeuka kutazama mlangoni. Anategemea kukuona umeinama, unafunga kamba za viatu na kulalamika kwamba kuna mtu amezikaza. Hakuna aliyezikaza, Mama. Ulikuwa ukizikaza mwenyewe.

Wanaokujua hawahitaji kuambiwa ulikuwa nani. Kwa wasiokujua, tuseme tu ulikuwa mama wa maneno mengi na mikono isiyotulia. Ulisokota sufu huku unatembea, ulisokota huku unagombana, na mara moja ulisokota wakati lama, mtawa wetu, yuko katikati ya sala, mpaka akanyamaza akakutazama. Mfuko wa joho lako haukukosa aprikoti kavu. Vibarua wanaopasua kokoto barabarani, watoto wa watu waliotoka tambarare za mbali kuja kutetemeka na baridi yetu, walikuita Mama kabla hawajajua neno jingine la lugha yetu. Uliwapelekea chai ya siagi, wakakunja nyuso kwa chumvi yake, wakanywa hivyo hivyo.

"Kunyweni, wanangu," ulikuwa ukiwaambia. "Si tamu, lakini ina akili."

Kisha kifua kikaanza. Ukipanda kilima unashika hapa katikati, unasema ni kama mtu amekukalia, na pumzi inakatika. Mjini Leh wakakupima, wakasema mishipa ya moyo imekuwa myembamba, damu haifiki ya kutosha unapojitahidi. Sisi tulisikia neno moyo tu, mengine yakatupita. Tukarudi nyumbani na hukumu yetu wenyewe: Mama hatembei tena.

Baba akaficha viatu vyako kwenye pipa la shayiri. Kaka Tundup, kifungua mimba wako, akakuletea kutoka mjini gurudumu la sala, ambalo kila likizunguka huhesabiwa umesali, lile la kutumia jua na kujizungusha lenyewe dirishani. Alitaka usihitaji tena kuuzunguka ukuta wa mawe yaliyochongwa sala kila asubuhi, kama ulivyofanya tangu ulipoolewa. Alifurahi, masikini, utadhani ndiye aliyelibuni.

Ulilitazama likizunguka.

"Hili linazungushwa na nani?"

"Na jua, Mama. Wewe unakaa tu, thawabu zinaingia."

"Basi thawabu ni za jua," ulimjibu. "Nalo jua lina dhambi gani?"

Lakini ulikaa, kwa kuwa tulikuomba sote. Ulikaa majira yote ya baridi. Theluji ilipoyeyuka ulikuwa unahema kutoka kitandani hadi jikoni, na ukapoa kabisa, ukawa mtu wa ndiyo na hapana. Wewe! Siku ulipoacha kumkosoa Baba namna anavyokata mboga tuliogopa kweli. Tulikuwa tunakupoteza ungali umekaa katikati yetu. Tundup akakurudisha Leh upesi.

Daktari, yule binti mwenye miwani, alikusikiliza kifua, akakupima upya, akatugeukia.

"Nani kamwambia akae?"

Hakuna aliyekwambia ila sisi.

"Moyo huu unataka kutembezwa," alisema. "Kila siku, polepole. Asitoke kabla jua halijapasha, asitoke ameshiba. Kifua kikibana asimame, akae, apulize dawa hii chini ya ulimi. Kisipoachia, mleteni hospitali mara moja. Na wewe, Mama, tembea kwa mwendo ambao unaweza kuzungumza."

"Kuzungumza?"

"Ndiyo. Ukiona umeshindwa kumaliza sentensi, punguza mwendo."

"Mwanangu," ukamwambia, "hapo umeniruhusu nikimbie."

Daktari alicheka, ila alikuwa mgeni huku kwetu, na kuna jambo hakulijua. Mzunguko wetu unaanzia mlangoni kwetu, unapanda kando ya kijito ukuta ukiwa mkono wa kulia, unafika kwenye mnara mweupe wa sala kule juu, kisha unateremka kupitia mashambani. Ukishauanza haurudiwi nyuma, ni mwiko. Kwa hiyo mtu akibanwa na kifua pale kwenye mpando, hata kama nyumbani ni karibu, hapo mgongoni, njia yake ni mbele tu. Na kwenye mpando wote ule pa kukaa ni mahali pamoja tu: jiwe bapa mlangoni kwa Bi Kunzes. Wewe na huyo Bi Kunzes hamkuwa mmesemeshana tangu mwaka wa ukame, wakati kila mmoja alipodai mwenzake alifunga mfereji kwenye zamu isiyo yake. Mlango ule ulikuwa ukiupita uso umeuelekeza mlimani.

Siku ya kwanza ya kutembea tena nilikuwa nawe mimi, Disket, kitinda mimba wako. Hatujafika kwa Bi Kunzes, ukasimama.

"Kinabana, Mama?"

Ukaitikia kwa kichwa.

"Turudi, basi. Nyumbani si pale tu?"

Ukatikisa kichwa. Ukatazama mbele, ukalitazama lile jiwe. Sijapata kumwona mtu akiwaza sana hivyo bila pumzi. Kisha ukajikokota, ukakaa, ukafungua kinywa, ukapuliza dawa.

Bi Kunzes akatoka na fagio mkononi.

"Umefuata nini kwangu?"

Ukainua kidole, angoje kwanza, dawa haijaisha ulimini.

"Sijaja kwako," ulisema hatimaye. "Nimekaa kwenye jiwe."

"Jiwe ni langu."

"Na maji yalikuwa yangu."

Alikutazama unavyohema, na uso ulivyokupauka. Akaingia ndani. Nilidhani anafuata ndoo atumwagie. Akarudi na mto wa kukalia.

"Inuka kidogo. Jiwe lina baridi hilo," alisema. "Ukifia hapa watasema ni mimi."

Mama, kuanzia siku hiyo ukapata tiba ambayo daktari hakuiandika. Kila asubuhi birika lilikungoja pale, na ugomvi wa maji ukaanza upya kwa raha zote, tena kwa sauti. Sisi huku chini tukiwasikia mnazozana tulikuwa tunashusha pumzi, maana tulijua nawe unayo. Baadaye Bi Kunzes akawa anakwenda nawe ile nusu iliyobaki. "Wewe huna pumzi, mimi sina magoti," alikuwa akisema. "Wakituunganisha watapata mtu mmoja mzima." Na ukijitia kuongeza mwendo anakushika joho: "Taratibu, we Yangchan! Umenyamaza, na ukinyamaza mimi siamini."

Ugonjwa haukukuacha, tusidanganyane. Kulikuwa na asubuhi za upepo mkali ulipobaki ndani umenuna. Lakini nguvu zilirudi. Ulirudi shambani kupepeta shayiri, ukiwa umekaa na kuwaamuru wengine. Ulicheza kwenye harusi ya mjukuu wako Jigmet, ukaketi ukapuliza dawa yako, ukangoja, ukainuka tena kwenye duara la wachezaji. Siku nyingine ulilifikia lile jiwe kifua kikiwa shwari kabisa, na bado ukakaa, kwa adabu tu.

Kuna siri moja ya Baba tuitoe leo. Kila ulipotoka alikuwa akipanda juu ya paa na kusimama hadi aone kilemba chako kimetokeza upande wa mashamba. Ndipo anashuka, na ukimkuta anajifanya alikuwa akigeuza aprikoti zilizoanikwa paani. Alikuogopea kila siku, na kila siku alikuacha uende. Tunamshukuru kwa hilo kuliko kwa lolote jingine.

Ulituacha usingizini baada ya mavuno, miguu ikiwa bado na vumbi la mzunguko wa siku iliyopita.

Siku ya kukusindikiza hadi mahali pa kuchomea wafu, chini ya mashamba, vijana wa zile nyumba zinazoabudu pamoja nasi walikubeba mabegani. Walitaka kushika barabara ya lami, iliyo fupi na haina kilima. Bi Kunzes akasimama katikati ya lami na fimbo yake.

"Hiyo ni ya magari. Huyu ana njia yake."

"Bi Kunzes," Tundup akamsihi, "pale ni mpando mtupu, na mzigo huu..."

"Mzigo gani?"

Tundup akawaonyesha vijana kijito. Vijana wakageuka, wakashika kando ya kijito, ukuta mkono wa kulia. Nasi wanawake tukafuata.

Walijitahidi, Mama. Lakini mpando ule uliwalemea, na walipofika mlangoni kwa Bi Kunzes walikuwa wanahema midomo wazi, vijana wenye vifua vizima, kila mmoja anaona haya kuwa wa kwanza kuomba. Bi Kunzes alitufikia kutoka nyuma, naye yu hoi. Akawatazama mmoja mmoja.

"Mshusheni," aliwaambia. "Kaeni, mpumue. Hapa hata yeye hakuwa na haraka."

Wakakushusha, wakakaa. Sote tukakaa, msafara mzima, tukisikilizana pumzi. Zilipotulia wakakuinua, ukamalizia mzunguko wako.

Leo taa za siagi zinawashwa nyumbani kwa ajili yako, na mlango uko wazi kwa yeyote atakayepita. Wanaokukumbuka ni mumeo Wangtak. Watoto wako Tundup, Rigzes na Disket. Mkaza mwanao Palmo. Wajukuu zako Jigmet na Lhazes. Na Bi Kunzes, aliyetuagiza aandikwe miongoni mwa ndugu wa damu.

Mama, hutatutoka moyoni.