Jina la Kumi

Burnie, 9 Mei 1988

Dada Lorna,

Salamu nyingi kutoka huku Tasmania kwenye baridi. Mimi mzima, goti tu ndilo linanisumbua. Wewe hujambo na joto lako la Mackay? Mwanao Darryl mzima kabisa, anafyeka soseji zangu kama hajawahi kulishwa.

Timu ninayoifundisha ndiyo mgonjwa. Mechi saba, tumefungwa sita. Jumamosi tulifungwa hapa hapa nyumbani kwa pointi thelathini na moja, mzee mmoja akanirushia gazeti lake. Nimemtoa Darryl kwenye watano wa kuanza. Mpira wa kikapu anaujua, lakini miguu yake mizito, anapitwa kama kigingi. Viongozi wanataka nimlete Mmarekani mrefu. Klabu inabeba wachezaji kumi tu, na tumeshajaa. Akija mtu, mtu anatoka.

Usiogope. Tangu Maureen aniache, mwanao ndiye pekee anayenisemesha nikirudi nyumbani. Sina haraka ya kumpoteza.

Mdogo wako,
Neville

Mackay, 20 Juni 1988

We Nev,

Barua yako nimeipata. Sisi wazima, ila wameanza kuchoma miwa na majivu yanachafua nguo zangu kwenye kamba. Goti lipake dawa, acha ubishi.

Nasikia mwanangu sasa anakaa benchi mpaka makalio yanaota ukungu. Kaniambia mwenyewe kwenye simu huku anacheka. Mimi mama yake, kile hakikuwa kicheko.

Sikuombi umpendelee. Akizidiwa, kazidiwa. Nakuomba kitu kimoja tu: siku ukimtoa, mwambie kwa mdomo wako. Nakujua wewe. Maureen alifungasha vitu vyake mwezi mzima mbele ya macho yako, nawe unamsimulia mechi. Nijibu hilo.

Dada yako,
Lorna

Burnie, 19 Julai 1988

Dada,

Natumaini u mzima. Nimechelewa kujibu, na sasa naona aibu hata kuandika.

Unajua desturi yetu. Alhamisi kocha anabandika orodha ya majina kumi kwenye mlango wa chumba cha kubadilishia nguo. Usipojiona, unachukua begi lako unakwenda zako, hakuna anayekuuliza. Mimi mwenyewe nilitolewa hivyo nikiwa na miaka ishirini na tisa.

Mmarekani alifika Jumatatu. Jumatano nilipika mbavu za kondoo makusudi, nimwambie Darryl tukiwa mezani. Loo, si akaanza kuniigiza ninavyomfokea mwamuzi! Nilicheka mpaka machozi. Nikasema moyoni, acha kwanza tumalize kula. Tukamaliza. Tukaosha vyombo. Alhamisi nikabandika orodha, jina la kumi likiwa la Mmarekani, nikajifungia ofisini.

Nilisikia kila kitu, Dada. Vijana walikuwa wanapiga kelele, mara wote wakanyamaza. Kisha nikasikia viatu vyake vinatoka nje. Mimi sikutoka.

Kesho yake tukaruka kwa ndege kwenda Adelaide, tukashinda kwa pointi mbili, ushindi wa kwanza baada ya wiki tisa. Walinibeba juu. Niliporudi Jumapili chumba chake kilikuwa kitupu, kitanda kimetandikwa, hakuacha hata neno. Nimezunguka mji mzima. Yuko kwako?

Mdogo wako,
Neville

Mackay, 2 Agosti 1988

Neville,

Yuko hapa. Alipanda meli, kisha mabasi, siku nne. Amepata kazi kiwanda cha sukari. Akirudi analala tu.

Kuachwa hakumsumbui. Anasema, "Mama, yule Mmarekani ni bora kuliko mimi. Hata mimi ningekuwa kocha ningejitoa." Kinachomuuma ni kile chakula. Anasema ulimwuliza, "Nikuongeze kiazi?" naye akakujibu, "Ongeza, mjomba." Kila akifika hapo anainuka, anatoka nje.

Usituandikie kwa sasa.

Lorna

Burnie, 30 Oktoba 1988

Dada yangu,

Hamjambo wote? Najua ulinikataza, na nimejitahidi kuvumilia.

Msimu umekwisha. Tulishinda mechi sita kati ya nane za mwisho. Viongozi wameniongezea mwaka, na hata muuza nyama siku hizi ananiita Kocha. Jioni nawasha redio jikoni na televisheni sebuleni kwa pamoja, nyumba isiwe kimya. Haisaidii.

Mmarekani harudi. Nafasi iko wazi, na ni ya Darryl akiitaka, mkataba kamili wa mwaka. Mwambie. Nawakumbuka sana, jamani.

Mdogo wako,
Nev

Mackay, 21 Novemba 1988

Nev,

Sisi wazima, mvua imeanza. Pole na nyumba.

Barua yako nimemsomea Darryl mezani, kaisikiliza yote. Hataki nafasi. Kila Jumanne anacheza na wenzake wa kiwandani. Hawana kocha, wanafungwa kila wiki, na wanarudi wanacheka mpaka majirani wanalalamika.

Mimi nilikuwa natafuta neno samahani. Nimeisoma mara mbili, nikaigeuza karatasi nyuma, wapi. Umetuletea mkataba, mdogo wangu. Nani alikuomba mkataba?

Hakukutukana, ujue. Nilipomaliza kusoma alisogeza sahani yake, akaniuliza, "Sasa mjomba anakula na nani?"

Unakula na nani, Nev?

Dada yako,
Lorna