Koti Kwenye Picha ya Mugeta

Nyakato, Musoma
4 Machi 2024

Hapana Mama, hajapakwa dawa. Shikamoo kwanza. Mguu unaendeleaje? Mimi mzima, studio ya picha inaenda, watu wanaingia wabaya wanatoka wazuri.

Huo ukijani usoni kwa Mugeta kwenye picha niliyowatumia ni printa. Inachanganyaga rangi zote ndo ipate kijivu, basi mtu anatoka kama samaki sato wa juzi. Nisamehe, najua umesema amekuja na maji yake.

Nimemwaga wino wote wa rangi, nimeosha mipira yake ya kupitisha wino, nimejaza nyeusi moja na kijivu aina tatu. Karatasi nzito isiyong'aa nimeagiza Mwanza. Msichimbe kaburi kwanza. Kama ziwa limekataa kumrudisha mdogo wangu mwaka mzima, tuzike picha yenye sura yake.

Mwanao,
Lameck

Mwitongo, Butiama
19 Machi 2024

Mwanangu Lameck,

Marahaba. Mguu bado unauma, ng'ombe kazaa dume. Natumaini unakula.

Picha kaileta Jeska wa jirani. Ni yeye kabisa, mpaka kovu la kwenye nyusi. Nimeigeuza ukutani nikaenda kisimani, kurudi naikuta inaniangalia. Jeska anasema hajaigusa.

Ile ya kwanza kifuani kulikuwa giza tupu. Hii naona koti, naona kiraka nilichoshona mwenyewe kwa uzi mweupe wiki ileile aliyozama. Ni koti lako la kuvulia samaki. Ulisema siku aliyozama ulikuwa Bunda, hukumwona. Kwa nini kalivaa?

Wazee wanazika Jumamosi tarehe 6 Aprili. Siwezi kufukia nguo ya mtu aliye hai. Nitakuwa nakufukia na wewe.

Mama yako,
Esta

Nyakato, Musoma
25 Machi 2024

Shikamoo Mama. Hongera ya dume. Nakula, ila hakishuki.

Sikuwa Bunda. Zamu ya mtumbwini ilikuwa yangu. Nilikuwa na pombe ya jana kichwani, nikamwomba Mugeta anishikie. Akavaa koti langu ili tajiri wa mtumbwi adhani ni mimi. Tulicheka sana, nikampiga picha na simu. Hicho kicheko hapo ananicheka mimi.

Wino ulipokaa sawa niliona kiraka kinatoka mstari kwa mstari. Kukitia giza ni kubonyeza tu. Mkono uligoma. Picha nilizoharibu ziko kumi na moja, nimezianika kwenye kamba. Feni ikizunguka, akina Mugeta wote kumi na moja wanakuwa kama wanavua koti wanirudishie.

Sasa tufanye biashara, Mama. Nimetoa nyingine ya uso peke yake, koti halimo. Nakuja nayo Alhamisi kabla ya maziko. Kaburi nachimba mwenyewe, na wazee nawaambia zamu ilikuwa ya nani. Wewe unanipa hiyo yenye koti, na sahani ya ugali kama moyo unaruhusu.

Ukikubali, iweke dirishani iangalie njia. Nikikuta imegeukia ndani, nitaacha bahasha ya picha mlangoni nirudi Nyakato. Ila ukishaiweka usiiguse tena. Na Mugeta naye aseme lake, si aligeuka mwenyewe ukutani.

Mwanao,
Lameck