Jezi ya Zhelyazko

Mpwa wangu Nedyalka,

Nina miaka themanini na minne. Nimezika serikali tatu na makocha saba, hanidanganyi mtu.

Zhelyazko, mshambuliaji wetu, alipokufa nilimvisha mwenyewe jezi yake ya fainali, yenye kiraka chekundu kwapani. Juzi, kwenye arobaini yake, tunakula ngano ya kuchemsha kaburini, Metodi mwenyekiti wa mashabiki akatoa jezi. "Jezi ya fainali ya Zhelyazko! Tunaitundika klabuni!"

"Feki hiyo," nikasema.

"Mzee Gencho, vaa miwani!"

Nikainua kwapa la jezi. Kiraka kipo!

Nani kamvua maiti nguo? Wote wakanitazama mimi niliyemvisha. Mimi, mwizi! Muulize mjane wake, Stoyanka. Ndiye aliyebaki peke yake kufunga jeneza, na juzi jezi ilipotolewa hakuinua uso.

Mjomba wako,
Gencho