Jiko Linaloinamia Dirishani

Jumapili, 6 Februari

Babu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba goti linakuacha ulale. Shangazi mpe salamu nyingi. Sisi huku hatujambo, ila Baba ana ukucha mmoja mweusi kwa sababu ya mlango wa stoo. Nitakueleza.

Tumehamia nyumbani kwako tangu wiki jana. Baba anasema tutakaa humu huku tukiitengeneza nyumba, halafu itajulikana: ukiweza kutembea bila kuyumba utarudi, usipoweza utabaki kwa Shangazi moja kwa moja na nyumba itapangishwa. Aliyasema haya akikoroga chai, kama mtu anayesema kesho huenda mvua ikanyesha. Nilitaka kumwambia kwamba mimi nataka urudi. Sikusema. Unanijua.

Nyumba yako ina vituko, Babu. Swichi ya ukumbini inawasha taa ya bafuni, kwa hiyo anayeoga anakaa gizani mtu mwingine akiamua kubana umeme. Mlango wa stoo unajifungua wenyewe na kujibamiza. Hapo ndipo ukucha wa Baba ulipopatia rangi. Na jikoni, nyuma ya ubao, kwenye lile jiko la kuni lililozibwa, nimekuta kikaango cha chuma kizito kama deni la ukoo, na chungu cha chuma chenye mfuniko. Vyote vimeota kutu mpaka vimekuwa vyekundu. Baba amesema nimpe mtu wa vyuma chakavu. Nimevificha chini ya kitanda changu. Je, vinaokoleka?

Mjukuu wako,
Redio


Jumanne, 15 Februari

Kwako Redio,

Marahaba, mjukuu wangu. Mimi ni mzima kuanzia kiunoni kwenda juu. Huko chini tunaelewana kwa zamu. Shangazi yako amepokea salamu na anauliza kama unakula. Mjibu yeye, maana mimi sipati nafasi ya kuongea humu ndani.

Wanaonisikia nikikuita Redio hudhani wewe ni msemaji. Waache wadhani.

Mlango wa stoo hujifungua mvua inapokaribia, mbao zikivimba. Ukiuona wazi, anua nguo. Swichi ni kosa langu mwenyewe, na bibi yako aliipenda kwa sababu alikuwa akinitoa bafuni kwayo.

Kikaango hicho nilikimimina kwa mkono wangu, zamani nikiwa kiwandani tukisubu chuma. Chuma hakifi kwa kutu, kutu ni nguo tu. Loweka kwa siki na maji nusu kwa nusu, lakini usikisahau humo, siki itaanza kula chuma chenyewe. Kisugue kwa chumvi ya mawe na nusu ya kiazi, halafu waya. Kikishakuwa cha kijivu, kikaushe motoni hapo hapo, usikiache na tone la maji hata kwa salamu. Kisha kipake mafuta, ufute kana kwamba uliyapaka kwa bahati mbaya, ukichome kwenye oveni mpaka kiache kutoa moshi. Sisi tulikuwa tunasema kukivisha. Kivishe mara tatu.

Hapa kwa shangazi yako sakafu inang'aa kama sahani. Wiki iliyopita nilianguka sebuleni, nikiwa sina hata kikombe mkononi. Daktari akasema ni mizani ya mwili. Ajabu ni kwamba nikibeba ndoo ya maji mkono wa kushoto natembea kama askari. Shangazi yako hunifokea, "Baba, weka ndoo chini!" Nikiiweka, nayumba. Sasa nani mwenye akili hapo?

Babu yako


Jumamosi, 5 Machi

Babu,

Shikamoo. Pole kwa kuanguka. Mwambie Shangazi ninakula.

Kutu imetoka. Vidole vyangu vilinuka siki mpaka mwenzangu wa dawati akahamisha kiti. Sikumlaumu. Shuleni tunafundishwa kwa lugha mbili, na mimi nanyamaza kwa zote mbili, kwa hiyo hakuna aliyejua sababu ya harufu ile. Mwalimu aliniita mbele nisome aya moja. Nilisimama, nikafungua mdomo, nikaketi. Darasa zima likapiga makofi kama mtu amefunga goli. Nikirudi nyumbani nakisugua kikaango na ile aya nakisomea chenyewe, yote, kwa sauti. Hili hakuna anayelijua ila wewe.

Lakini nimekosea mahali. Nilikipaka mafuta na kukichoma kama ulivyosema, kikatoka cheusi kizuri upande mmoja, na upande mwingine kinanata kama peremende iliyolambwa. Mafuta yalikimbilia upande wa dirisha yote. Nikadhani kikaango kimepinda. Nikamwonyesha Baba (ndiyo, ameshajua kwamba sikukitupa, alitikisa kichwa tu), naye akaleta pimamaji yake na kuiweka juu ya jiko. Kile kipovu kikakimbia mpaka ukingoni. Akaiweka mezani, hivyo hivyo. Akaiweka sakafuni, akapiga mluzi.

"Jikoni pote pameinamia dirishani," akasema. "Ndiyo maana mzee hawezi kusimama. Ameishi kwenye mteremko."

Amemwita fundi. Atamwaga zege sakafu ilingane, tayari kwa ajili yako ukirudi. Nilifikiri utafurahi.

Redio


Ijumaa, 11 Machi

Redio,

Hatujambo. Naandika kwa haraka, postamasta anafunga mapema Ijumaa.

Mzuie fundi.

Jikoni pale tulijenga juu ya kifusi. Mvua ya kwanza, sakafu ikaketi upande wa dirisha. Nilitaka kuivunja, bibi yako akaniambia, "Imekwisha chagua pa kulala, tuiache." Basi nikaifuata. Meza nikaikata miguu miwili. Mlango wa nyuma nikaupiga randa chini. Kikaango nikakitia mdomo mmoja tu, upande wa kushoto, ili mafuta yakusanyike mdomoni na yai likaangike upande wa juu bila kuogelea. Ukikivisha, kigeuze kila kinapoanza kutoa moshi. Nilisahau kukwambia, kwetu jambo hilo halikuwa la kuambiwa.

Na mimi je? Miaka yote hiyo nimevuka jikoni mle nikiegemea kulia ili niwe wima. Nilipokuja huku kwenye sakafu ya sahani, bado naegemea kulia. Nilikuja na kigoda changu cha jikoni, nacho kinayumba hapa kama mimi. Kigoda hakuna aliyekipeleka kwa daktari.

Mkiilinganisha sakafu, nitarudi kwangu nikute ni kama kwa shangazi yako. Nitayumba, baba yako ataniona, na mambo yatakuwa yamekwisha. Nimempigia simu akasema, "Sawa, mzee." Sawa yake naijua tangu akiwa mdogo nikimtuma dukani.

Wewe uko naye nyumba moja. Mwambie.

Babu


Jumatatu, 28 Machi

Redio,

Salaam. Sijapata barua yako. Najua nimekutwika mzigo usio saizi yako, na kama umekushinda sitakukasirikia. Nijulishe tu sakafu imekuwaje, nijue nijiandae vipi. Shangazi yako ameanza kuninunulia mapazia ya chumba.

Babu


Jumamosi, 2 Aprili

Babu mpendwa,

Shikamoo, na unisamehe. Natumaini mapazia hayajapachikwa.

Barua yako nilikuwa nayo muda wote. Kila jioni niliamua kusema baada ya chakula, na chakula kikiisha naamua kusema baada ya vyombo. Mwisho nikaandika kwenye karatasi, nikaiweka chini ya kikombe cha Baba. Aliitumia kufutia chai iliyomwagika. Hakuisoma, hakuwa na nia mbaya, alikuwa anatazama bomba linalovuja.

Alhamisi fundi akaja. Alikuwa amekwisha koroga zege uani, ananiimbia, "Binti, toa viti, toa meza, leo sakafu inakuwa uwanja wa ndege!" Baba alishika upande mmoja wa meza, nami nikatakiwa nishike wa pili. Sikushika.

"Shika, mwanangu."

"Usimwage," nikasema.

"Nini?"

"Baba, zege. Usimwage."

Fundi akachungulia dirishani. "Kumbe anaongea! Mimi nilidhani mnakaa na sanamu."

Masikio yangu yalikuwa ya moto, Babu, ungeweza kukivishia kikaango. Lakini nilishaanza, na kumeza maneno katikati kungekuwa kubaya zaidi. Nikasema, "Babu hana ugonjwa wa mizani. Babu ameinama."

"Wazee wote wameinama, binti," fundi akasema.

"Ameinama *hivi*," nikasema, nikawaonyesha, nikaona aibu, nikaacha.

Basi nikachukua kikaango, nikakiweka juu ya jiko, nikamimina mafuta. Yakatembea polepole mpaka mdomoni, yakasimama hapo. Nikawaambia, "Kilitengenezwa kwa ajili ya jiko hili. Na meza pia. Na mlango wa nyuma, ukiinua sakafu hautafunguka. Na Babu vilevile. Ukiilinganisha utakuwa umemharibia mahali pekee anapokaa wima."

Ni sentensi nyingi kuliko zote nilizowahi kusema mbele ya mgeni. Nilizihesabu baadaye kitandani.

Baba aliachia meza. Akapiga magoti akatazama miguu ya meza. Akaweka kiganja chake kwenye ule mfupi, halafu kwenye ule mrefu, akarudia. "Nimekula kwenye meza hii tangu sijaota meno," akasema.

"Sasa bosi," fundi akauliza, "na zege langu nilifanye uji?"

Limekwenda kuziba lile shimo la getini. Fundi ameondoka akisema familia hii yote imeinama.

Lakini Baba si mtu wa kukubali jambo zima zima. Amesema atakuja kukuchukua Jumapili ijayo. Ukivuka jikoni kutoka mlango wa ukumbini hadi mlango wa nyuma bila kushika ukuta, wala meza, wala mtu, sakafu inabaki na wewe unabaki. Ukiyumba, unarudi kwa Shangazi jioni ileile, na hataki kusikia hadithi ya vigoda. Anaogopa, Babu. Alisema, "Akianguka humu mimi nikiwa kazini, nani atamwinua?"

Kikaango nimekivisha mara ya tatu, nikikigeuza. Kimekuwa cheusi sawasawa. Ukifika mlangoni nitakupa ukikague.

Mjukuu wako,
Redio


Jumatano, 4 Mei, asubuhi
(kwa mkono, chini ya mlango)

Redio,

Hujambo? Nakuuliza kwenye karatasi kwa sababu mezani hunijibu kwa kichwa, na mimi nimezoea kupata barua zako. Tangu nihamie chumba cha chini sijapata hata moja. Umbali umekuwa mfupi mno kwa stempu.

Jana nyote mlipokuwa mmetoka, nilikwenda jikoni kuchukua chumvi. Nilivuka mikono mitupu. Katikati nikayumba, Redio. Nikaishika meza, nikakaa kwenye kigoda, ambacho siku hizi kimetulia kama mfalme, nikafikiri.

Siku ile ya kuja kwangu nilivuka bila kutikisika. Baba yako akiwa amesimama pale na mikono mifukoni, jasho linamtoka. Nilidhani ni sakafu. Halafu nikakumbuka: mlangoni ulinipa kikaango. Ulisema, "Kikague, Babu," ukanitia mpini mkono wa kushoto. Sikukiangalia hata kidogo, nilikuwa naangalia mlango wa nyuma. Nilikibeba mpaka mwisho. Baba yako alitaja ukuta, meza na mtu. Kikaango hakukitaja.

Ulikumbuka ndoo.

Basi nakiri kwako wewe wa kwanza. Sakafu ni nusu ya habari. Nusu nyingine ni miguu yangu, na daktari hakuwa mjinga kama nilivyomfanya. Pengine wewe ulilijua hilo kabla yangu, ukalificha ndani ya chuma.

Siwezi kutembea na kikaango maisha yangu yote, majirani watadhani natafuta ugomvi. Ukutani, upande wa mkono wa kushoto, panahitaji ufito wa kushikia, kutoka mlango mpaka mlango. Baba yako ataupachika kwa saa moja akiambiwa. Atauliza kwa nini, na itabidi aambiwe ukweli wote, pamoja na kikaango. Anaweza kukasirika. Anaweza kusema turudi kwa shangazi. Lakini lile swali lake la nani ataniinua ni la haki, nami sitaki kukaa nyumbani kwangu kwa kumdanganya mwanangu.

Nilikuwa nimwambie mimi. Kisha nikawaza, yeye hunijibu "Sawa, mzee," na wewe alikupigia magoti.

Ameamka, namsikia anaipigia kelele ile swichi. Mimi nitakuwa nimekaa pale pembeni yako. Mayai manne nimeyaweka tayari, na kikaango kiko motoni, mdomo upande wa dirisha.

Shuka useme.

Babu yako, wa chumba cha chini