Toni Moja Chini

Jumamosi, 3 Februari

Somo la kwanza. Chumba kiko juu ya duka la vifaa vya ofisi: ngazi ishirini na mbili, viti saba, wanafunzi watano. Mwalimu ni mama wa makamo aliyepuliza filimbi miaka thelathini. Sasa meno yamemgomea, anafundisha. Alitaka kila mtu aseme amekuja kutafuta nini. Nikasema mimi ni mtunza nota na ala wa bendi ya manispaa, miaka ishirini na mitatu nanakili kazi za wengine, nataka na mimi nijue kuupangia wimbo ala zake — nani aanze, nani aitikie, nani anyamaze. Akalitazama daftari langu, nilivyolipigia mistari kwa rula mpaka pembeni, akaniita Mama Mistari. Darasa likacheka. Jina limeshaniganda, naona.

Tutajifunza ala za kupuliza za mbao tu: filimbi, obo, klarineti, basuni. Filimbi siku hizi ni ya chuma, akasema, lakini bado tunaihesabu kwenye ukoo, kama shemeji aliyetajirika.

Kisha akaandika nota moja ubaoni, C. Nikimpa mpiga obo hii, mtasikia nini? C. Nikimpa mpiga klarineti? Mimi najua, siwezi kutojua. Sikunyoosha mkono. Akaeleza kwamba klarineti husema uongo kidogo: mpigaji anaona C, vidole vinakamata C, lakini sauti inayotoka iko toni moja chini. Kwa hiyo anayeandika lazima apandishe toni moja kwenye karatasi, ili masikioni ije sawa.

"Msipopandisha," akasema, "mtamwaibisha mtu mbele za watu, na kosa litakuwa lenu."

Nimeinakili sentensi hiyo. Mwandiko umepinda.

Jumanne, 6 Februari

Afadhali niandike, yaishe. Nina madaftari kumi na tisa ya shajara na jambo hili halimo hata katika moja.

Miaka ishirini na moja iliyopita, siku ya tamasha, ukumbi umejaa. Nusu saa kabla ya kuanza, ulimi wa obo — ule mwanzi mwembamba wa kupulizia — ukapasuka, na wa akiba hakuna. Mkuu wa bendi wa wakati ule akaamua kipande cha obo, kile cha kupigwa peke yake, apewe klarineti. Klarineti alikuwa mdogo wangu. Miaka kumi na tisa, hajawahi kusimama peke yake. Mkuu akaniagiza nimnakilie upesi. Nikanakili. Mistari imenyooka, nota zimetulia, safi kabisa. Ila sikupandisha. Nilichukua nota za obo kama zilivyo, nikaandika juu: Klarineti.

Akasimama, akapuliza alichoandikiwa. Yeye toni moja chini, bendi nzima juu. Nota tano za kwanza watu walidhani ndio mtindo. Akajaribu kurekebisha humohumo njiani, vidole vikagongana, akanyamaza. Mtu wa nyuma akacheka, na kicheko kikapata wenzake. Mkuu akamwambia mbele ya wote kwamba ana sikio la mbao. Ndilo likawa jina lake: Sikio la Mbao. Wiki iliyofuata akarudisha klarineti ya bendi stoo. Mimi ndiye niliyeipokea. Nikaandika kwenye rejista: imepokelewa, hali nzuri.

Kosa nililiona jioni ileile, nilipokuwa nakusanya karatasi ukumbini. Nilisimama na ile ya klarineti mkononi. Mkuu alikuwa hatua nne kutoka kwangu. Nikaikunja, nikaitia mkobani.

Kukosea kulikuwa kwa haraka, ningesamehewa. Kukunja hakukuwa kwa haraka.

Ninayo mpaka leo, kwenye faili la kijani. Hata nilipoificha niliiandika tarehe.

Jumamosi, 10 Februari

Kazi tuliyopewa: kila mtu achague wimbo mfupi wa utotoni, usioandikwa popote, aupangie ala nne. Zitapigwa hapohapo darasani tarehe 9 Machi. Mwalimu atawaleta rafiki zake, wapigaji wa kweli.

Nimechagua ule wa marehemu mama, aliokuwa akiuimba kwa pua akipiga pasi. Hauna maneno. Nimeandika mpaka katikati nikakwama. Nusu ya pili sina! Naisikia inakuja, inafika mlangoni, inageuka. Nimetoa hata meza ya pasi, nikajaribu kwa shati. Shati limenyooka, wimbo haukuja.

Anayeujua wote amebaki mmoja.

Jumatano, 14 Februari

Nilikwenda kwa mdogo wangu baada ya kazi. Hatujagombana, wala hatujawahi. Tunaonana, tunacheka, tunauliziana watoto. Ndio ubaya wenyewe — tungegombana, ningepata pa kuanzia.

Kibao cha karakana yake amekipaka rangi upya: SIKIO LA MBAO, FUNDI WA MAJOKOFU. Wateja wanadhani ni kwa sababu ya ule mti wake. Ana kijiti cha mbao, urefu wa mkono, ncha moja anaigusisha kwenye mota ya jokofu, nyingine sikioni. Nilimkuta amepiga magoti hivyo, amefumba macho. Akaniashiria nisubiri. Kisha akamwambia mwenye jokofu kwamba mota imeshuka, inaimba chini ya pale inapotakiwa, tangu mwezi uliopita inaelekea kufa. Yule bwana akauliza amejuaje. Mdogo wangu akasema mota hazijui kudanganya, tofauti na wenyewe, maana huyu alisema limeharibika jana.

Nikamweleza habari ya darasa na nusu iliyopotea. Hakuuliza kwa nini. Akafuta mikono, akapiga mluzi, wimbo mzima, mara mbili, polepole ili niandike. Kila nota mahali pake. Nilipoangalia baadaye kwenye kinanda cha bendi hakuwa amekosea hata kidogo. Hata robo ya kidogo.

Katikati ya nusu ya pili kuna mahali alinyamaza. Nikadhani amesahau, nikataka kupaziba kwa nota za basuni. Akanizuia.

"Hapo acha wazi, Dada. Hapo Mama alikuwa akinyunyizia maji."

Ni kweli. Alichovya vidole, akanyunyizia nguo, kisha akaendelea. Mapigo mawili. Mimi niliyekuwa nikikunja zile nguo nimesahau, yeye aliyekuwa chini ya meza akicheza na vifuniko anakumbuka.

Njiani nilikuwa nimepanga maneno matatu tu: lilikuwa kosa langu. Nilipofika nayo mdomoni nikamwuliza kama ameshakula.

Jumamosi, 17 Februari

Mwalimu ameona rasimu. Wimbo nimempa obo, nusu ya pili filimbi, basuni anatembea chini yao. Klarineti ameshika nota moja ndefu mwanzo mpaka mwisho.

Akavua miwani. Klarineti umemfanya mlinzi wa geti, akasema, amekukosea nini? Wenzangu wakacheka. Nikasema nilitaka wepesi. Akasema huo si wepesi, huko ni kumkwepa. Kisha akaeleza kwa upole: wimbo wa mtu aliyefunga mdomo, anayeimba kwa pua na mawazo yako mbali, ni wa klarineti, tena kwenye sauti zake za chini. Obo ataupayuka, na filimbi chini hana nguvu, atasikika kama anapuliza chai.

Nirudie kazi yote. Anasema kweli. Nilijua tangu nilipompigia obo mstari wa kwanza.

Alhamisi, 22 Februari

Kazini nimepewa cheti. Mkuu wa bendi wa sasa, kijana mwenye heshima zake, amesoma mbele ya wote: miaka ishirini na mitatu, hajawahi kukosea hata nota moja. Makofi. Nikainama kama mtu mnyenyekevu.

Nimekitia kwenye faili la kijani. Vikae pamoja.

Jumatatu, 26 Februari

Nimerudia. Klarineti anaanza peke yake, chini. Obo anaingia chumba cha tano — Mwalimu huviita vyumba, vile vipande vya nota kati ya mistari ya wima. Basuni anaweka nyayo. Filimbi hasemi mpaka baada ya maji. Nimewawekea wote alama za kuvuta pumzi, maana mara ya kwanza nilisahau kabisa. Mimi napiga kinanda, kinanda hakichoki. Mwalimu aliuliza kama nataka kumuua mtu.

Nimeandika sehemu ya klarineti peke yake, kwenye karatasi yake. Nimepandisha. Nota arobaini na moja, zote. Nimezihakiki mara nne, mara ya mwisho kutoka nyuma kwenda mbele. Ziko sawa. Juu nimeandika: Klarineti. 

Jumamosi, 2 Machi

Mpiga klarineti wa Mwalimu amepata kazi mji mwingine, hatakuwepo. Mwalimu akaniuliza mimi, mtu wa bendi, kama sina mtu. Ala ataazima yeye.

Wapo wawili kwenye bendi, wangekuja nikiwaita. Nikasema ninaye mmoja, lakini hajapuliza miaka mingi. Ana sikio? akauliza. Nikasema analo.

Ndiyo mara ya kwanza nimesema hivyo mbele ya mtu.

Jumapili, 3 Machi

Nilikwenda nyumbani kwake na bahasha. Ndani karatasi mbili: mpya na ya zamani. Nilikuwa nimepiga moyo konde. Nimpe zote, asome mwenyewe, nisiongee sana.

Wifi yangu akafungua mlango, akasema leo mvua itanyesha, wifi kaja bila kualikwa. Tukacheka. Mdogo wangu alikuwa akimsuka bintiye, kichana mdomoni. Nikamwambia haja yangu. Akatoa kichana. Akasema midomo yake siku hizi ni ya kunywea chai. Wifi akadakia kwamba ni uongo, kila siku anapuliza mabomba ya majokofu na kila bomba analitafutia wimbo, majirani mashahidi. Binti akageuka, akauliza kama baba alikuwa mwanamuziki. Wifi akaniangalia mimi — kwa nini mimi? — kisha akamwambia mtoto atulie, msuko utapinda.

Nikaomba kwenda kunawa mikono. Huko nikaifungua bahasha, nikatoa ile ya zamani, nikairudisha mkobani, bahasha nikaifunga tena. Nikarudi sebuleni na bahasha nyembamba.

Mwoga. Nimeliandika, libaki.

Aliipokea, hakuifungua. Akasema atakuja kusikiliza tu.

Alhamisi, 7 Machi

Hakuna habari yoyote. Sijapiga simu. Nimepanga upya kabati la nota za bendi, herufi kwa herufi, lilikuwa limepangika.

Jumamosi, 9 Machi

Ninaandikia hapa ngazini, ngazi ya saba kutoka juu. Mlango wa darasa uko wazi kidogo.

Amekuja. Shati la kazini, kile kijiti mfukoni. Akamsalimia Mwalimu shikamoo, akakaa kiti cha nyuma kama mtu anayesubiri kunyolewa. Kazi za wenzangu zikapigwa kwanza, Mwalimu akiimba sehemu ya klarineti. Ilipofika zamu yangu Mwalimu hakuuliza mtu. Akachukua klarineti ya kuazima, akaenda nyuma, akamwekea magotini.

Aliitazama. Akaulowesha ule ulimi wa mwanzi taratibu, akaufunga, akakaza skrubu kwa kidole gumba — vilevile kama zamani, akianza na ya chini. Akapuliza nota moja, mbaya. Ya pili nzuri. Kisha akaja mbele, akakaa kati ya obo na basuni, akatoa bahasha mfukoni. Ilikuwa bado imefungwa. Ndiyo kwanza akaifungua.

Nilikuwa nimesimama karibu naye, nikigawa karatasi za wengine. Aliisoma muda mrefu. Wengine wakilinganisha sauti. Kisha, bila kuinua macho, kwa sauti ya kunitosha mimi tu:

"Dada, hii umeshaipandisha, au nipandishe mwenyewe?"

Si kwa hasira. Wala si utani. Ni vile alivyozoea kumwuliza mteja kama jokofu limechomolewa.

Alijua. Tangu lini? Tangu nota ya kwanza siku ile, bila shaka, na sikio lile. Alijua alipokuwa akichekwa. Alijua alipokuja stoo, nikamwandikia "hali nzuri", naye akatia sahihi. Miaka ishirini na moja ananiita Dada, anauliza watoto hawajambo, anasubiri.

Na mimi nikasema nini? Nikasema nakuja, nikatoka.

Wameanza bila mimi. Mwalimu amehesabu, klarineti ameingia peke yake. Chini, kwa kusitasita. Sasa obo. Zinaingiana. Amejijibu mwenyewe — nimepandisha. Basuni anatembea. Nusu ya pili. Ni Mama kabisa, mdomo umefungwa, mawazo mbali.

Amefika kwenye maji. Kimya.

Niliandika mapigo mawili. Yamepita. Manne. Sita. Filimbi hajaingia, anamsubiri yeye, na yeye hapulizi. Kiti kimelia.

Karatasi ya zamani iko mkononi, nimeikunjua. Tarehe inasomeka vizuri. Ngazi saba tu, napanda —