Zuhura Ameanza Shule, Mama

Mama yangu,

Salamu nyingi zikufikie huko ulikolala. Sisi huku Madimba wazima. Baba Zuhura mzima, anakusalimu, bado anapalilia mikorosho yako. Mdogo wangu Salima mzima, anakusalimu. Kuku wako mwekundu ana vifaranga. Na mjukuu wako Zuhura anakusalimu sana, na leo salamu zake zina jambo.

Unakumbuka lile shimo ulilomchimbia nyuma ya jiko? Miaka inakwenda, miguu yake haina nguvu, wewe ukasema kwetu mtoto akichelewa kusimama anasimamishwa kwenye mchanga. Unamtia mpaka kiunoni, unampa makopa ya muhogo achezee, anacheka mwenyewe. Lakini tukisikia pikipiki ya Dada Neema, yule wa mazoezi ya viungo kutoka hospitali, unaniambia, "Fukia, fukia upesi! Watatuona washamba." Nami nafukia, nafagia juu, tunamketisha Zuhura mkekani kama bi harusi.

Basi tulipokwisha kukuzika, Dada Neema akaja. Nikafukia kama kawaida. Akapita nyuma ya jiko, mguu ukazama mpaka gotini! Mama, nikajua leo nasemwa. Kumbe kakaa chini anacheka: "Mama Zuhura, mnalo na mnanificha? Mimi nyumba nyingine nawabembeleza wachimbe! Lete jembe." Tukachimba upya mimi na yeye. Akanifundisha kumnyoosha miguu kwanza, halafu kupunguza kina kadiri anavyopata nguvu. Kiunoni, mapajani, magotini. Siku aliposimama mwenyewe magoti yakiwa nje ya mchanga, nilikutafuta kwa macho. Haya, mama. Haya.

Wiki iliyopita Dada Neema alikuja na mwalimu wa darasa la kwanza, amwone mtoto nyumbani. Mwaka jana shuleni waliniambia asubiri. Wakisema tena asubiri, nitamwambia nini mtoto? Nikamwonya Zuhura atulie mkekani, asije akaanguka mbele ya mgeni. Hakunisikiliza! Kashika nguzo, kainuka, kaiachia, akamwendea mwalimu mpaka mlangoni: "Shikamoo mwalimu. Kalamu yangu iko wapi?"

Mwalimu hoi kwa kicheko. "Jumatatu mleteni."

Nilipiga vigelegele mpaka majirani wakaja kuuliza nani kaposwa. Baba Zuhura akaenda kusimama huko mikoroshoni peke yake, akarudi macho mekundu, hataki kuulizwa.

Jumatatu kaenda. Anayumba, mama, anaanguka, anainuka, na kubebwa hataki. Baba yake akinyoosha mkono anakaripiwa: "Niache, mimi mwanafunzi!" Moyo wangu unaruka kila akiyumba, lakini namwacha.

Lala salama, mama yangu. Nakuahidi hatakosa shule, hata msimu wa korosho mikono ikipungua shambani. Korosho zake nitaokota mimi. Nijie ndotoni upesi, usikawie, hata mchana nikisinzia, uniambie tu kwamba umesikia.

Mwanao,
Asha